Dawa za Kupunguza Mafuta Katika Mishipa: Kazi Zake na Mipaka Yake

Katika kituo cha mabasi cha Masumbwe, barabara itokayo Kahama kuelekea Ushirombo na mpaka wa Rwanda inapopita katikati ya maduka, si jambo la ajabu kumkuta mchuuzi mwenye kipaza sauti akinadi chupa ya maji ya rangi ya kahawia. Kwa maneno yake, maji hayo "yanasafisha mishipa" kwa muda wa siku 14, na mgonjwa akishayamaliza hahitaji tena dawa nyingine yoyote. Wanunuzi wake wengi ni watu wazima: wakulima wa pamba na tumbaku, wachimbaji wadogo wa dhahabu, madereva wa malori. Miongoni mwao wamo wanachama wa vyama vya msingi, na fedha wanazomlipa aghalabu ni malipo ya mazao au mkopo wa dharura walioupata katika chama. Hivyo jambo hili huifikia kamati ya chama kwa milango miwili: uhai wa mwanachama, na daftari la wadaiwa.

Swali wanalouliza wanachama hao ni la haki. Je, iko dawa iwezayo kuyapunguza mafuta yaliyokwisha kujenga katika mishipa ya damu? Iko, na kazi yake imepimwa kwa vyombo. Lakini haimalizi kazi kwa siku 14, haizibui mshipa kama fito izibuavyo bomba, na mgonjwa akiiacha, faida yake humtoka kidogo kidogo. Asiyeyafahamu mambo haya ataitupa dawa ya kweli kwa kudhani imeshindwa, kisha ataifuata chupa ya kituoni.

Huo mfano wa bomba ndio chanzo cha makosa mengi. Watu hufikiri kwamba mafuta huganda ndani ya njia ya damu kama vile uchafu ugandavyo katika bomba la jikoni. Sivyo. Mshipa upelekao damu kutoka moyoni, ambao waganga huuita ateri, una ukuta wa tabaka tatu, na tabaka la ndani limefunikwa na utando mwororo sana. Mafuta huingia chini ya utando huo, ndani ya ukuta wenyewe, kama mchwa wanaojenga kati ya tofali na lipu: kwa nje ukuta unaonekana mzima, ila umevimba kidogo.

Mafuta yenyewe ni yale yaitwayo lehemu, au kolesteroli kwa jina la hospitali. (Fundi wa ndoo naye ana lehemu yake ya kuzibia matundu, ni jina moja kwa vitu viwili, nayo imewahi kuleta vicheko katika mikutano ya afya.) Lehemu si sumu. Mwili hauwezi kujenga chembe zake bila hiyo, na sehemu kubwa ya lehemu yetu hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa kiwanda kikuu. Kwa kuwa haichanganyiki na maji, husafirishwa katika damu ndani ya vibebeo vidogo. Baadhi ya vibebeo hivyo, hasa vile ambavyo mzigo wake umepewa jina la lehemu mbaya, vikizidi hupenya na kubaki chini ya utando wa mshipa. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huja kuvila, hushiba kupita kiasi, hufa hapo hapo, na kuacha kitu laini kama uji. Neno ambalo waganga wa Ulaya walilichukua kuuita ugonjwa huu linatokana na neno la Kiyunani lenye maana hiyo hiyo ya uji. Juu ya uji huo mwili hujenga kifuniko cha nyuzi ngumu, na baada ya miaka chokaa nayo huingia. Uvimbe mzima huitwa plaki.

Mchimbaji wa ukanda wa Geita atalielewa jambo hili upesi akilifikiria duara lake. Wembamba wa duara si hatari yake kubwa. Watu hupita katika njia nyembamba sana wakatoka salama. Kinachoua ni ukuta kubomoka kwa ghafla. Ndivyo ilivyo kwa mshipa. Plaki iliyoubana mshipa taratibu humletea mtu maumivu ya kifua apandapo kilima au asukumapo baiskeli yenye gunia, nayo humpa nafasi ya kwenda kutibiwa. Lakini plaki yenye uji mwingi na kifuniko chembamba, hata ikiwa ndogo, yaweza kupasuka bila onyo. Damu ikigusana na uji ule huganda, na donge hilo laweza kuziba njia kwa dakika chache. Katika mshipa wa moyo, hilo ndilo shambulio la moyo. Katika mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Wengi wa wanaopatwa na mapasuko ya namna hiyo walikuwa hawajisikii ugonjwa wowote siku iliyotangulia.

Zamani ilidhaniwa kwamba Mwafrika hapatwi na maradhi haya, na dhana hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1960 ulichapishwa ulinganisho wa maiti zilizopasuliwa Uganda na Marekani. Kati ya watu 632 wa Uganda, mmoja tu alionekana na kovu la shambulio la moyo. Kati ya Wamarekani 632 waliolingana nao kwa umri na jinsia, walikuwa 136. Katika miaka hiyo hiyo mganga wa Kimarekani, George Mann, aliwachunguza Wamaasai wa Tanganyika, watu walao maziwa na nyama kwa wingi. Taarifa yake ya mwaka 1972, iliyotokana na mioyo 50, ni ya kushangaza kidogo: kuta za mishipa yao zilikuwa zimenenepa kama za Wamarekani wazee, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyoongezeka, na mashambulio ya moyo yalikuwa haba. Mann aliona kwamba kutembea kwao kwingi kulikuwa na sehemu katika jambo hilo.

Mkulima wa leo anayepanda pikipiki hadi shambani hawezi kuutumia ushahidi huo kama kinga. Hesabu ya wagonjwa wapya wa kiharusi iliyofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006, baada ya kusawazisha umri, ilipata wagonjwa 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Si kila kiharusi hutokana na plaki. Vingine hutokana na mshipa kupasuka na kumwaga damu katika ubongo, na shinikizo la damu ndilo adui wa kwanza katika aina zote mbili. Hata hivyo shinikizo, kisukari, sigara na lehemu mbaya hufanya kazi kwa ushirika, na tofauti kati ya wilaya ya shamba na jiji yaonyesha upande ambao maisha yanaelekea.

Sasa dawa yenyewe. Ilianzia katika ukungu wa nafaka, na watunza ghala watapenda kulisikia hili. Mjapani Akira Endo, mtoto wa wakulima wa kaskazini mwa Japani, alikuwa mtafiti katika kampuni ya dawa ya Sankyo. Aliwaza kwamba huenda baadhi ya kuvu hujilinda na adui zao kwa kutoa kitu kinachozuia utengenezaji wa lehemu. Yeye na wenzake walipima kuvu zaidi ya 6,000, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1973 walikipata walichokitafuta katika ukungu wa rangi ya buluu na kijani uliotoka katika mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo kuruhusiwa kuuzwa ilikuwa lovastatini, iliyotokana na ukungu mwingine, nayo iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Zikafuata simvastatini, atovastatini, rosuvastatini na nyinginezo, na zote pamoja huitwa statini. Endo alifariki mwaka 2024. Isije ikadhaniwa kwamba mahindi yaliyoota ukungu ghalani yana dawa: ukungu wa mahindi na karanga hutoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Namna statini ifanyavyo kazi haiko mbali na biashara ya pamba. Ini ni kiwanda chenye malighafi ya namna mbili: ile kinachoizalisha chenyewe, na ile kinachoinunua kutoka nje, yaani katika damu. Statini huzuia kimeng'enya kimoja ambacho bila hicho ini haliwezi kuzalisha lehemu ya kutosha. Ini likiona ghala linapungua, hufungua vituo vingi zaidi vya kununulia juu ya chembe zake, na vituo hivyo huvikamata vibebeo vya lehemu mbaya vinavyopita katika damu na kuviingiza ndani. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, ndio waliovigundua vituo hivyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kwa hiyo dawa haiendi kuukwangua mshipa. Inapunguza mzigo unaopita barabarani, na mshipa ukiacha kupokea mzigo mpya huanza kuuondoa wa zamani polepole.

Huondoa kiasi gani? Hapa yafaa kwenda taratibu, kwa sababu tarakimu za kwanza zitamvunja moyo msomaji. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililotumia kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti, kilichoingizwa ndani ya mishipa ya moyo ya wagonjwa ili kuupima unene wa ukuta. Walipewa rosuvastatini miligramu 40 kila siku kwa miezi 24, na wagonjwa 349 wakapimwa mwanzo na mwisho. Lehemu mbaya ilishuka kutoka takriban 130 hadi 61 kwa kipimo cha miligramu. Ile sehemu ya mshipa iliyoshikwa na plaki ilipungua kwa wastani wa karibu 1 katika 100. Miaka miwili ya dawa kali, na pato ni sehemu moja katika mia!

Mkaguzi yeyote angeuliza kama gharama hiyo ina maana. Hebu na aweke hesabu ya pili kando ya ile ya kwanza. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi tano za kaskazini mwa Ulaya kwa wagonjwa 4,444, ambao walikwisha kupata shambulio la moyo au walikuwa na maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Nusu walipewa simvastatini na nusu vidonge visivyo na dawa, kwa muda wa miaka mitano na zaidi kidogo. Waliokufa katika kundi lisilo na dawa walikuwa 256. Katika kundi la dawa, 182. Hatari ya kufa ilipungua kwa karibu asilimia 30.

Plaki hupungua kidogo sana, na vifo vinapungua hivyo? Hakuna mgongano, kwa mtu aliyelishika lile jambo la duara. Statini haipanui duara, inafunga matimba. Uji ulio ndani ya plaki hupungua, moto wa uvimbe hutulia, kifuniko huwa kinene na kigumu, na chokaa huongezeka mahali palipokuwa laini. Mshipa uliobanwa unabaki karibu na wembamba wake wa jana, ila ukuta haubomoki kwa urahisi. Hii ndiyo sababu mgonjwa hahisi lolote anapoitumia. Hakuna nguvu mpya miguuni, wala kichwa kuwa chepesi, na mtu ambaye amezoea kwamba dawa ya malaria humwinua kitandani kwa siku tatu huona ameibiwa. Matimba nayo hayahisiwi na mchimbaji siku ambayo mwamba haukuanguka.

Ziko dawa nyingine ambazo huongezwa juu ya statini. Ezetimibu huzuia lehemu isifyonzwe na utumbo. Sindano ya evolokumabu, katika jaribio la mwaka 2016, ilipunguza plaki kwa kiasi cha karibu 1 katika 100 zaidi baada ya wiki 76, na wale waliobaki na statini peke yake hawakupata mabadiliko ya maana. Iko pia sindano inayochomwa mara mbili kwa mwaka baada ya dozi za mwanzo. Lakini bei ya sindano hizi haina uhusiano na bei ya kilo ya pamba, na mwanachama hapotezi kitu kwa kuanza na statini, ambazo hataza zake za zamani zimekwisha na sasa hutengenezwa na viwanda vingi kwa bei nafuu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza simvastatini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2007.

Statini si peremende, na haifai kununuliwa kwa kufuata ushauri wa jirani. Ni dawa ya cheti. Hupewa hasa mtu aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, wagonjwa wengi wa kisukari waliopita miaka 40, na wengine ambao daktari ameijumlisha hatari yao akaiona kubwa. Mama mjamzito kwa kawaida huambiwa aiache. Baadhi ya watumiaji huumwa misuli. Mara chache sana misuli huharibika kweli, na dalili yake ni maumivu makali pamoja na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Huyo aende hospitali siku ile ile. Watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa simvastatini haipatani kabisa na baadhi ya dawa hizo. Hawakunyimwa tiba: jaribio lililotangazwa mwaka 2023, lenye watu 7,769 waishio na virusi hivyo katika nchi 12, Uganda ikiwamo, lilionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza maradhi makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Lakini kuchagua ni kazi ya daktari, naye hawezi kuchagua vizuri akifichwa.

Habari ya aspirini inahitaji onyo lake. Wako wanaoimeza kila siku kwa kusikia kwamba "inalainisha damu." Ni kweli kwamba humsaidia mtu ambaye mshipa wake uliziba. Ila kwa mtu ambaye kiharusi chake kilikuwa cha mshipa kupasuka, au ambaye shinikizo lake halijatulizwa, yaweza kuongeza umwagikaji wa damu. Mtu aliyepooza upande mmoja hajui kiharusi chake ni cha aina gani mpaka kichwa kipigwe picha katika hospitali kubwa yenye mashine hiyo.

Limebaki tatizo ambalo hospitali haiwezi kulitatua, nalo ni la ushirika. Fedha za pamba huingia mara moja kwa mwaka, kuanzia miezi ya Mei na Juni, wakati kidonge humezwa kila siku. Tumchukue mtunza ghala aliyeandikiwa atovastatini mwezi Julai. Atanunua ya miezi mitatu bila shida. Ifikapo Januari, palizi imeanza, akiba imekwisha, watoto wanadai daftari na viatu, naye hajisikii mgonjwa. Kidonge ndicho kitu cha kwanza kukatwa. Lehemu mbaya hurudi ilikokuwa katika wiki chache, na ulinzi wa ukuta huanza kulegea, wakati ambapo yeye yuko shambani na jembe, mbali na gari lolote.

Mwaka 2018 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha mpango wa Ushirika Afya kwa ajili ya wakulima waliomo katika vyama vya msingi, kwa kuzingatia tatizo hilo hilo la mapato ya msimu. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Katibu wa chama aulize ofisi ya bima utaratibu unaotumika msimu huu kabla ya malipo kuanza, si baada ya fedha kugawanywa. Kwa mwanachama ambaye hana bima, mkutano mkuu waweza kuridhia akiba ya hiari ya matibabu: mwanachama mwenyewe aandike kiasi cha kutengwa kutoka katika malipo yake, kiingizwe katika ukurasa wake wa peke yake, kisichanganywe na mkopo wa pembejeo, na atie saini kila atoapo. Hesabu ya akiba hiyo isomwe mbele ya kamati kila robo mwaka. Kiasi cha kutenga si siri: mwanachama auulize bei ya kidonge kimoja kwenye famasia, azidishe kwa 365.

Na yule ambaye amekwisha kuinunua chupa ya kituoni asione aibu kuipeleka kliniki pamoja na vidonge vyake. Mitishamba mingine huingiliana na dawa za hospitali, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo ili dawa za asili na waganga wake wasajiliwe. Mganga wa kituo cha afya akiiona chupa isiyo na jina la mtengenezaji, wala namba, wala orodha ya vilivyomo, atajua la kumwambia mgonjwa, na pia atajua ni kitu gani kilichokuwa kikichanganyika na atovastatini yake tangu mwezi uliopita.